Hivi kusema "pole" ni kosa la kitaalamu?

Juzi nilipata barua pepe kutoka kwa rafiki yangu tuliyesoma naye Mlimani. Sasa yuko London anasomea shahada ya uzamili. Jina lake silitaji, na mwenyewe ameniruhusu nieleze kisa chake kwa sharti hilo.

Mwaka jana jamaa alikuwa na hali mbaya. Halali, hali, akifungua kitabu hakielewi. Mtu akamwelekeza kwenye kliniki moja ya uchambuzi wa nafsi, zile zinazotoza bei nafuu kwa sababu wanaotibu bado wako mafunzoni. Akawa anaenda mara nne kwa wiki. Analala kwenye kochi, mchambuzi anakaa nyuma ya kichwa chake asikoonekana, naye anasema kila linalomjia akilini bila kuchagua. Dakika hamsini zikiisha, kwaheri.

Anasema ilimsaidia, na hilo naliandika mapema ili nisimwonee mtu. Baada ya miezi michache alianza kulala tena. Alikumbuka mambo ya utotoni ambayo hakuwahi kumwambia binadamu yeyote.

Kisha mama yake akafariki huku nyumbani. Nauli haikupatikana kwa wakati, maziko yakapita hayupo. Siku ya zamu yake alikwenda kliniki kama kawaida, akajilaza, akasema: "Mama yangu amefariki juzi. Wamemzika jana."

Nyuma yake, kimya.

Anasema alisikia magari ya nje, akasikia pumzi zake mwenyewe. Dakika zikaenda. Hatimaye sauti ya nyuma ikasema: "Naona unasubiri niseme kitu."

Rafiki yangu akainuka, akavaa koti lake, akatoka. Hajarudi mpaka leo. Na barua pepe yake ilimalizika kwa swali: "Hivi mimi ndiye mshamba? Nilitegemea pole tu. Moja."

Nimelala na swali hilo siku kadhaa. Nimesoma nilichoweza kukipata. Jibu langu ni hili: hapana ndugu yangu, wewe si mshamba. Aliyekosea ni yule aliyekaa nyuma ya kochi, na zaidi yake wale waliomfundisha kwamba kimya kile ni utaalamu.

Tusimlaumu kijana wa watu peke yake, kwa sababu hakubuni kimya chake. Kimeandikwa. Mwaka 1979 Charles Brenner, mchambuzi mkubwa wa New York ambaye kitabu chake cha utangulizi cha mwaka 1955 kimesomwa na vizazi vya wanafunzi, alichapisha makala yenye hoja hii: mchambuzi akimpa pole mgonjwa aliyefiwa anaweza kumdhuru. Kwa nini? Kwa sababu huenda mgonjwa ndani yake amefurahi. Huenda alimchukia marehemu. Huenda anajivunia kuonekana mfiwa. Ukimwambia pole umeshamwonyesha anachotakiwa kuhisi, na yale mengine atayafunga ndani kwa aibu.

Usicheke. Hoja hii ina akili, nami nitairudia huko mbele kwa sababu inatuhusu kuliko tunavyodhani. Lakini kwanza tuvunje uongo mmoja unaoibeba: uongo wa "mapokeo".

Ukiwauliza watetezi wa kimya kwa nini wanafanya hivyo, wengi watakwambia ndivyo ilivyo tangu mwanzo, ndivyo alivyofanya mzee Sigmund Freud pale Berggasse 19, Vienna. Na kweli Freud aliandika maneno makali. Katika makala yake ya mwaka 1912 ya kuwashauri madaktari alisema mchambuzi awe kama kioo, amwonyeshe mgonjwa kile tu ambacho mgonjwa mwenyewe ameleta. Akatoa na mfano wa daktari wa upasuaji, anayeweka huruma yake kando ili mkono usitetemeke. Mwaka 1915 akaongeza kwamba matibabu yafanyike kwa kujinyima: mgonjwa asipewe mapenzi anayoyatamani kutoka kwa daktari.

Sasa tazama hayo yaliandikwa kujibu nini. Fani ilikuwa changa na tayari ilikuwa na kashfa. Carl Jung alikuwa ameingia katika uhusiano uliovuka mipaka na Sabina Spielrein, mgonjwa wake, na Freud alilijua hilo tangu mwaka 1909. Madaktari walikuwa wakipendwa na wagonjwa wao na wengine wakipendeka kweli. Kwa hiyo kujinyima lilikuwa katazo la maana: usimtumie mgonjwa kukidhi haja zako. Mimi hapo nampigia Freud makofi. Lakini kutoka "usimtongoze mfiwa" hadi "usimwambie mfiwa pole" ni safari ndefu, na si Freud aliyeimaliza.

Kochi lenyewe lina historia ya kawaida tu. Freud alipewa zawadi na mgonjwa wake mmoja, Bi Benvenisti, karibu mwaka 1890. Mwaka 1913 alieleza kwa nini anakaa nyuma yake, na moja ya sababu alizotoa ni kwamba hakuweza kuvumilia kukodolewa macho saa nane au zaidi kwa siku. Sababu ya kibinadamu kabisa, mzee alichoka! Na katika makala ileile ya kioo na upasuaji alitahadharisha kwamba mbinu hizo zinamfaa yeye kwa tabia yake, na kwamba daktari mwenye hulka nyingine anaweza kujikuta akifanya tofauti. Waliofuata waliichukua tabia ya mtu mmoja wakaifanya sheria. Tahadhari yake wakaiacha kwenye makala.

Na alichokuwa akikifanya mwenyewe je?

Desemba 1907 alikuwa akimtibu mwanasheria kijana ambaye katika vitabu anaitwa Mtu wa Panya. Katika kumbukumbu zake za kila siku Freud ameandika kwamba siku moja mgonjwa alikuwa na njaa, akalishwa. Waswahili tunasema mgonjwa haulizwi uji, na kumbe mzee wa Vienna naye alilijua hilo. Mgonjwa mwingine, Sergei Pankejeff, yule anayeitwa Mtu wa Mbwamwitu, aliporudi Vienna mwaka 1919 akiwa amefilisika baada ya mapinduzi ya Urusi, Freud alimtibu bila malipo na kwa miaka kadhaa akamchangishia fedha. Mshairi wa Kimarekani Hilda Doolittle, aliyetibiwa naye mwaka 1933 na 1934, ameeleza jinsi mzee huyo alivyowahi kupiga kochi kwa mkono wake kwa ghadhabu, akilalamika kwamba yeye ni mzee na mgonjwa haoni faida ya kumpenda. Chumbani mlikuwa na mbwa wake.

Sisemi yote hayo yalikuwa sawa. Freud huyohuyo kuanzia mwaka 1918 alimchambua binti yake mwenyewe, Anna, jambo ambalo leo lingemfukuzisha mtu kazi. Ninachosema ni kwamba mchambuzi aliye kama jiwe, anayedaiwa kuwa ndiye mapokeo, hakuwepo Berggasse 19. Mwaka 1977 mchambuzi wa Marekani Samuel Lipton aliandika hivyo waziwazi: mbinu inayoitwa ya kale ni mpya, na imetengenezwa baada ya Freud kuondoka.

Tena Freud mwenyewe aliliona likija. Januari 1928 alimwandikia rafiki yake Sándor Ferenczi wa Budapest kwamba ushauri wake kuhusu mbinu ulikuwa zaidi wa kukataza, yaani mambo ya kuepuka, na kwamba wafuasi watiifu hawakuona unyumbufu wake, wakautii kama mwiko. Mnasikia? Mwiko! Mwenye dini analalamika kwamba waumini wamezidi.

Nani basi aliyepigilia misumari? Angalia New York mwaka 1953. Kurt Eissler anachapisha makala inayosema chombo halali cha mchambuzi ni kimoja tu: tafsiri, yaani kumweleza mgonjwa maana iliyojificha katika maneno yake. Chochote zaidi ya hapo ni mchepuko. Unahitaji kujieleza kwa nini umeutumia, na sharti uuondoe kabla matibabu hayajaisha. Kwa hesabu hiyo pole ni mchepuko, na kumuuliza mgonjwa "mtoto wako anaendeleaje?" nako ni mchepuko. Nadhani hali ya wakati ule ilichangia. Chama kikuu cha wachambuzi Marekani kilikuwa chama cha madaktari wa tiba, nacho kilitaka fani ionekane sayansi safi kama maabara. Na maabarani hakuna anayempa chura pole.

Hapa najua kuna msomaji ameshapata jibu lake: "Hao ni Wazungu bwana, wakavu, hawajui utu, sisi Waafrika..." Subiri kidogo. Jibu hilo ni tamu lakini si la kweli. Waliokipinga kimya hicho kwa nguvu zaidi ni Wazungu, na wengine kilio chao kiligharimu jina lao.

Wa kwanza ni huyo Ferenczi. Yeye ndiye aliyekuwa akipelekewa wagonjwa walioshindikana kwa wenzake, na kwa sababu hiyo aliona kile ambacho wenzake hawakukiona. Wagonjwa wake wengi walikuwa wameingiliwa au kupigwa na watu wazima walipokuwa watoto. Mwaka 1928 aliandika kwamba mbinu inahitaji busara, uwezo wa kuhisi anachohisi mwenzako kabla hujafungua mdomo. Septemba 1932, kwenye mkutano wa Wiesbaden, Ujerumani, akasoma makala yake ya mwisho kubwa. Alisema mambo mawili yaliyowakera wakubwa. La kwanza, watoto wanaodai kutendewa uovu na watu wazima mara nyingi wanasema kweli. La pili, ubaridi wa mchambuzi ni unafiki wa kitaalamu, na kwa mgonjwa wa aina hii ubaridi huo unarudia kilekile kilichomuumiza.

Msomaji wangu, simama hapo kidogo. Fikiria mtoto wa miaka minane aliyetendewa uovu na mjomba. Anakwenda kwa mama, anajikaza, anasema. Mama ananyamaza. Anaendelea kupepeta mchele kana kwamba hakusikia. Kuanzia siku hiyo mtoto anajifunza kwamba hata mambo ya namna ile yakisemwa, dunia haitikisiki. Miaka thelathini baadaye mtoto huyo yuko kwenye kochi. Anajikaza tena, anasema kwa mara ya pili katika maisha yake. Na nyuma yake, kimya kilekile cha mama.

Unaweza kukiita kimya hicho "kutoegemea upande"? Kwa huyu mtu upande umeshaegemewa, na si wake.

Ferenczi aliombwa asiisome makala ile. Aliisoma. Freud alimtaka asiichapishe. Mei 1933 Ferenczi akafariki kwa ugonjwa wa damu. Kijerumani makala ilitoka mwaka huohuo wa 1933, lakini kwa Kiingereza ilisubiri hadi 1949. Mwaka 1957 Ernest Jones, mwandishi wa wasifu wa Freud, akaandika kwamba siku zake za mwisho Ferenczi alikuwa amerukwa na akili. Shajara yake ya matibabu ya mwaka 1932 haikuchapishwa hadi 1985. Hesabu mwenyewe: miaka 53. Huo nao ni kimya, na sioni mgonjwa gani aliyekuwa akikingwa kwacho.

Waliofuata walikuwa wapole zaidi. Leo Stone, mwaka 1961, aliandika kwamba ubaridi uliopitiliza hauongezi usafi wa matibabu hata kidogo. Ralph Greenson wa Los Angeles, katika kitabu chake cha mbinu cha mwaka 1967, alisimulia kuhusu mwanafunzi aliyekuwa akimsimamia. Mgonjwa wa mwanafunzi huyo, mama kijana, alifika akiwa na hofu kwa sababu mtoto wake mchanga alikuwa anaumwa. Mwanafunzi akanyamaza, akaona ndiyo mbinu. Greenson alishangaa kwamba hakuonyesha kujali hata kidogo hali ya mtoto. Na ni hao kina Stone na Greenson ambao Brenner alikuwa akiwajibu mwaka 1979.

Kwa hiyo ugomvi huu si wa Afrika na Ulaya. Ni ugomvi wa ndani ya fani yenyewe, na umedumu karibu miaka mia moja. Mimi ninachagua upande.

Ninachagua kwa sababu tatu.

Kwanza, kimya hakikosolewi. Angalia mchezo unavyochezwa. Mgonjwa akivumilia kimya na kuendelea kuja, wanasema mbinu imefanya kazi. Akikasirika, wanasema hasira yake kwa baba imehamia kwa mchambuzi, mbinu inafanya kazi. Akiondoka, kama rafiki yangu, wanasema ana ukinzani, anakimbia ukweli. Hebu niambie, mgonjwa afanye nini ili ionekane kwamba mchambuzi alikosea? Ni mechi ambayo refa amevaa jezi ya timu moja. Mimi naandika habari kwa kazi, na kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kumshuku mtu ambaye kila ushahidi unamuunga mkono.

Pili, kimya si utupu. Watetezi wake wanakizungumzia kama karatasi nyeupe, kwamba mchambuzi asiposema kitu basi hajaweka kitu, na chochote mgonjwa anachokiona ni chake. Si kweli. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick alifanya jaribio ambalo siku hizi unaweza kulitazama kwenye intaneti. Mama anacheza na mtoto mchanga, kisha anaambiwa aufanye uso wake kuwa mkavu kwa dakika chache, asitabasamu, asiitikie. Mtoto anajaribu kumrudisha: anacheka, ananyoosha mikono, anapiga kelele. Akishindwa, anageuza uso, analegea, wengine wanalia. Mama hakumfanya kitu chochote, na "kutomfanya kitu" huko ndiko kulikomuumiza. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tatu, matokeo. Kuanzia mwaka 1954 taasisi ya Menninger kule Topeka, Kansas, iliwafuatilia wagonjwa 42. Baadhi walipewa uchambuzi kamili wa kochi, wengine tiba nyepesi ya mazungumzo. Robert Wallerstein alitoa ripoti ya mwisho mwaka 1986. Watafiti wenyewe walikuwa wachambuzi na walitegemea tafsiri ndiyo itang'ara. Wakakuta kwamba mambo ya kumshika mtu mkono, kumtia moyo na kumwonyesha uko naye, yalikuwemo katika matibabu yote, hata yale yaliyoitwa safi, na mara nyingi ndiyo yaliyoleta mabadiliko kuliko walivyotarajia. Mwaka 2018 ukatoka uchambuzi uliojumlisha tafiti 295 za tiba za mazungumzo za kila aina: pale ambapo mgonjwa na mtabibu wana maelewano mazuri ya kikazi, matokeo nayo huwa mazuri zaidi. Uhusiano huo si mkubwa wa kutisha na wala hauthibitishi peke yake kipi kilisababisha kipi. Lakini unajitokeza kila wanapopima.

Na kama bado mtu anadhani desturi haiwezi kuguswa, akumbuke Machi 2020. Korona ilipoingia, wachambuzi wengi duniani walihamia kwenye simu na video ndani ya siku chache. Kochi ambalo miaka yote lilikuwa halisogei, likasogea. Kumbe inawezekana virusi vikiamua. Huzuni ya mgonjwa haijapewa nguvu hiyo.

Sasa narudi kwa Brenner kama nilivyoahidi, kwa sababu nisipofanya hivyo nitakuwa nimecheza na goli lisilo na kipa.

Brenner ana hoja, na ushahidi wake uko hapahapa mitaani kwetu. Nenda kwenye msiba wowote Dar. Turubai, viti vya plastiki, daftari la rambirambi, na pole mia tatu. "Pole, umepoteza mhimili." "Pole, kazi ya Mungu haina makosa." Namfahamu kijana mmoja ambaye baba yake alikuwa akimpiga kwa waya wa umeme tangu akiwa darasa la pili. Mzee alipofariki, kijana alikaa kwenye mkeka siku tatu akipokea pole. Kila pole ilikuwa kama mfuniko. Nani pale angeweza kusikia kwamba kijana amepumua kwa mara ya kwanza? Angesema, angeitwa mlaaniwa. Tunajisifu kwa utu wetu, lakini pole zetu nyingine ni namna ya kumwambia mtu anyamaze. Mtu kama yule anahitaji mahali ambapo hakuna anayemwelekeza cha kuhisi. Kwa huyo, kochi ni mali.

Kwa hiyo sipendekezi mchambuzi awe shangazi wa msibani. Wala sipendekezi afuate njia yote ya Ferenczi, ambaye alifika mahali pa kuchambuana kwa zamu na mgonjwa wake Elizabeth Severn, leo wewe kesho mimi, kisha mwenyewe akaona haiwezekani, akaacha. Mgonjwa hakuja kumtibu daktari wake.

Ninachopinga ni ule uchaguzi wa uongo, kwamba ama umpe mtu pole ama umpe nafasi. Mbona vyote viwili vinatosha kwenye dakika hamsini? Sema pole, moja, ya kweli, bila kumsifia marehemu na bila kumwingiza Mungu. Halafu nyamaza. Kimya kinachokuja baada ya pole ni kitu kingine kabisa. Cha kwanza kinasema "sipo". Cha pili kinasema "nipo, endelea".

Na kama kweli mgonjwa alimchukia mama yake, atakwambia lini? Nasema atakwambia siku atakapoamini kwamba anayemsikiliza ni mtu. Siri kama hiyo hapewi kioo.

Zuio la kumtumia mgonjwa libaki, tena likazwe. Saa zibaki. Kutokimbilia kutoa ushauri kubaki, maana sisi Waswahili kwa ushauri hatujambo. Kochi libaki kwa anayelitaka, na kiti cha kutazamana kiwepo kwa asiyelitaka. Lakini kanuni inayomfanya mtu mzima, mwenye shahada, asikie habari ya kifo akae kimya na kuona ametimiza wajibu, hiyo ife. Na ikifa nitaipa pole.

Nimalizie kwa jambo linaloniaibisha.

Nilipopata barua pepe ile nilimjibu rafiki yangu siku hiyohiyo. Nilimwandikia ukurasa mzima: Freud, Ferenczi, Brenner, miaka na miji yao. Nilijiona nimemtetea kweli kweli. Akajibu mstari mmoja: "Asante kwa mhadhara."

Nikarudi kusoma nilichomwandikia. Kuanzia salamu hadi jina langu mwishoni, neno pole halimo. Na mama yule alinipikia mimi, siku tulipokwenda kwao likizo ya mwaka wa pili. Mimi sikusomea New York wala sina Eissler wa kumsingizia. Nilikuwa na hoja ya kujenga, basi, na hoja ikanitosha.

Usiku nikampigia simu. Nikamwambia pole. Akanyamaza. Nami kwa mara ya kwanza sikutafuta la kusema, nikamsikia anavyopumua tu. Halafu akaanza kuzungumza, na alizungumza mpaka salio langu likakata, akapiga yeye. Aliyoyasema kuhusu mama yake sitayaandika hapa. Si yote yalikuwa ya sifa kwa marehemu, na mengine hayakuwa ya sifa kwake. Pole yangu haikumziba mdomo.

Brenner angekuwepo ningependa aisikie simu ile.

Naomba kutoa hoja.